Wikiendi ya marafiki jijini Tanga: tukae wapi, tunywe nini na kwa saa ipi?

Msafiri wa Mbezi (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Sisi ni kundi la marafiki tuliosoma pamoja na sasa tunafanya kazi Dar es Salaam, na tumekubaliana kwamba wikiendi moja ya mwezi wa saba twende Tanga, tulale huko usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, kisha turudi Jumapili. Hatuendi kikazi wala hatuna ndugu wa kumtembelea. Tunachotaka ni kukaa pamoja, kuzungumza, kutembea mjini kwa miguu, kunywa bia mahali penye upepo wa bahari, na zaidi ya yote kuonja mnazi, yaani tembo la minazi, uliogemwa huko huko, kwa kuwa huu unaotufikia sisi mjini umeshapita mikono mingi na kila mkono umeongeza maji yake.

Wawili kati yetu hawatumii kilevi kabisa, na nisingependa safari hii iwe ya kuwageuza walinzi wa mikoba. Naomba wenyeji mnieleze ni wapi pa kuanzia, kwa saa ipi, tukae upande gani wa mji, na ni mambo gani ambayo mgeni huyafanya bila kujua yakawaudhi watu wa hapo. Natanguliza shukrani.

Mgosi wa Chumbageni

Karibuni Tanga, ndugu yangu. Nimezaliwa hapa, ninaishi hapa, na wageni wa aina yenu nimewapokea mara nyingi, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu, maana umeuliza kwa adabu.

Jambo ambalo ningependa mlishike kabla ya mengine yote ni kwamba kinywaji cha hapa kina saa yake, na anayekipita saa hiyo hatakiona kilivyo hata akitumia fedha nyingi kiasi gani. Wageni wengi kutoka Dar es Salaam hulala mchana, huamka jioni, huanza kuulizia mnazi saa 3 usiku, na wanapoletewa kitu kikali chenye uchachu wa kukunja uso huondoka wakisema mnazi wa Tanga haunyweki. Mnazi haukuwa na kosa. Mkizipanga siku zenu kwa kuufuata mnazi, badala ya kuulazimisha mnazi ufuate ratiba ya jiji lenu, mtafurahi sana.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu ukiielewa utajua wakati wa kwenda. Mgema hupanda mti kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Akifika juu hulikuta karara, yaani kifuko cha maua ya mnazi, ambalo halijafunguka, alilokwisha kulifunga kamba ili lisipasuke, na kwa kotama, kisu chake cha kugemea, hulikata ncha yake kipande chembamba kiasi kwamba ukikiinua unauona mwanga upande wa pili. Pale palipokatwa maji hutoka tone kwa tone na kuingia kwenye kibuyu au, siku hizi, kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa hapo. Asubuhi hupanda tena kuteremsha kilichojaa na kukata upya, na jioni vivyo hivyo, kwa sababu jeraha likiachwa hukauka na kuziba. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye shamba anayekubali miti yake igemwe ameamua kuuza kinywaji badala ya nazi, na hilo pekee linatosha kumfanya mnywaji aiheshimu bei anayotajiwa.

Maji hayo yanapotoka kwenye karara ni matamu na hayana kilevi. Hata hivyo, hamira ya asili iliyomo hewani na kwenye chombo huanza kuila sukari papo hapo, na baada ya saa chache tu kilevi chaweza kufika asilimia 4, yaani kiwango kinachokaribia bia ya kawaida. Mnazi ulioteremshwa alfajiri huwa mtamu wenye kuchangamsha ulimi saa 3 au saa 4 asubuhi. Mchana utamu unapungua na nguvu inaongezeka. Jioni umekuwa mkali. Na ukilala hadi kesho yake unaelekea kuwa siki. Hapa naomba nisisitize kwa ajili ya wale rafiki zako wawili: mtu asiwaambie kwamba mnazi wa asubuhi ni juisi tu. Umeshaanza kuchacha hata kabla haujashuka mtini, na mtu asiyetumia kilevi kwa sababu ya imani au ya afya ana haki ya kuelezwa hivyo. Wao waagizieni madafu ya shamba lile lile, na hawatakuwa wamepungukiwa na chochote.

Kwa hiyo siku ya mnazi ni Jumamosi asubuhi, na mahali pake si katikati ya mji. Nendeni kwenye minazi yenyewe: ama upande wa kusini, njia ya Pangani, kuelekea Mwambani na Tongoni, ama upande wa kaskazini kuelekea Mkinga kwa ndugu zetu Wadigo, ambao ugemaji ni kazi yao ya jadi. Ningewashauri kusini, kwa sababu upande huo mnaweza kufika kwenye magofu ya Tongoni, umbali wa karibu kilomita 17 kutoka mjini, mkaona msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo kabla jua halijawa kali. Msipite magofuni mkiwa mmekwisha kunywa na mkipiga kelele, kwani pale ni makaburini na watu bado huenda kuomba dua. Ni afadhali mwanze na magofu kisha mwende shambani.

Mkifika kwa mgema, salimieni, kaeni chini, na msiharakishe. Muuzaji muungwana atauchuja mnazi mbele yenu, kwa kuwa nyuki na wadudu wengine huingia kwenye chombo usiku, kisha atajimiminia kidogo na kunywa yeye kwanza ili mgeni atulie moyo. Rangi yake ni nyeupe iliyofifia kama maji yaliyooshewa mchele, na povu lake ni jembamba lisilokaa. Ukiona hauna povu kabisa na hauna harufu, umetiwa maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nimeona kwamba wanaosifu kwa sauti kubwa huku wakitaka dumu zima kwa bei ya chupa moja ndio wanaoletewa maji. Nunueni kidogo, lipeni bei kamili, mnywe, kisha muombe tena.

Kuhusu malazi, kaeni Raskazone au Chumbageni. Mabasi ya Dar es Salaam hupita Chalinze, Segera na Muheza na kuishia stendi ya Kange, iliyo nje kidogo ya mji, na kutoka hapo mtachukua bajaji. Ijumaa jioni msitafute mambo mengi. Nendeni Raskazone, ambako rasi inaingia baharini na sehemu nyingi za kukaa zinatazama maji ya ghuba, agizeni bia na samaki, mkazungumze. Mhudumu atawauliza kama mnataka ya baridi au ya moto, na msishangae mzee wa meza ya jirani akichukua ya moto, kwa sababu wapo wengi hapa ambao hawainywi kwa namna nyingine.

Mengine nitayajibu mkiuliza.

Dada wa Sahare

Kaka Mgosi ameeleza vizuri, nami naomba niongeze yanayowahusu akina dada walio kwenye msafara, kwa sababu mara nyingi nyuzi za namna hii huandikwa kana kwamba wanaosafiri ni wanaume peke yao.

Mwanamke anaweza kukaa baa Tanga bila tatizo, hasa zile za Raskazone na za hotelini, na hatasumbuliwa kuliko anavyosumbuliwa mahali pengine. Kilabu cha pombe za kienyeji ni jambo jingine. Hapo wateja wanajuana, wengi ni wanaume waliotoka kazini, na sura ngeni ya kike huvuta macho na maneno. Si kwamba ni mahali pabaya, ila nendeni mchana, nendeni kundi zima, na muwe na mwenyeji anayejulikana pale. Kwenye shamba la mgema hali ni nyepesi zaidi, kwa sababu mara nyingi mke wake na watoto wapo, na wewe unapokelewa kama mgeni wa nyumba. Dada akisalimia kwa shikamoo na akakaa na mama mwenye nyumba, nusu ya maswali yanakwisha hapo hapo. Chukueni kanga ya kujifunga mkipita vijijini. Glasi yako usiiache mezani ukaenda msalani, hata kama waliobaki unawafahamu, na ukiiacha basi usiinywe tena.

Jambo la pili ni kuhusu mji wenyewe. Tanga ni mji wa Waislamu wengi, na baa zake zinakaa kwa amani na misikiti kwa sababu pande zote mbili zimezoea kuheshimiana. Kunywa kwenye baa hakumkwazi mtu, lakini kutembea Ngamiani na chupa mkononi, au kusimama nje ya duka la mtu mkinywa na kucheka, kunakwaza sana, na mwenyeji anaweza asiwaambie kitu ila akawatazama kwa namna ambayo mtaielewa. Ijumaa mchana mkiwahi kufika, subirini swala ipite kabla ya kuanza kuulizia bia. Kwa bahati mwezi wa saba miaka hii haukutani na Ramadhani. Anayesoma uzi huu akipanga safari ya Ramadhani kwa ajili ya kunywa, namshauri kwa upendo abadilishe tarehe.

La tatu ni fedha. Changeni kabla ya kuondoka Dar es Salaam, mmoja ashike, na wasiokunywa wachange fungu la chakula na usafiri tu, wasichangishwe fungu la vinywaji. Nimeona urafiki wa miaka ukitikiswa na bili ya baa iliyogawanywa sawa kwa watu walioagiza soda.

Msafiri wa Mbezi (mleta uzi)

Asanteni sana, Mgosi na Dada wa Sahare. Suala la michango nimelipeleka kwenye kundi letu na limepita bila kupingwa, na rafiki zangu wasiotumia kilevi wamefurahi kuona wametajwa.

Nina maswali mengine. Mwenzetu mmoja anasisitiza kwamba hatuwezi kusema tumeonja vinywaji vya kienyeji bila kuonja gongo walau kifuniko kimoja. Mwingine amesikia habari za boha la Wasambaa na anataka tulitafute. Na wa tatu anauliza kama Konyagi ni salama kuliko bia, kwa kuwa haina gesi. Naomba mtushauri.

Mzee wa Pongwe

Mwanangu, hilo la gongo acha nilijibu mimi.

Gongo ni marufuku kisheria, kutengeneza, kuuza na hata kukutwa nayo, na polisi wakiwakuta kwenye kibanda hicho wikiendi yenu itaishia mahali msipopataka. Lakini hata sheria ingeruhusu, bado ningekwambia usiiguse. Tofauti yake na mnazi ni kwamba mnazi unachacha wenyewe na nguvu yake ina mpaka, ilhali gongo inachemshwa na mvuke wake kukusanywa katika mitambo ya kienyeji ambayo hakuna anayeipima. Kinachotangulia kutoka katika uchemshaji huo kinaweza kuwa na methanoli, na wapo wauzaji wasio na huruma wanaoongeza spiriti ya viwandani ili mtungi ujae. Methanoli haina rangi wala ladha ya kukuonya. Ikifika mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho, na mtu huanza kwa kuona ukungu, akadhani ni ulevi, akalala, na wapo walioamka vipofu na wapo wasioamka. Kifuniko kimoja cha kitu usichojua kimetengenezwaje si kuonja utamaduni. Mwambie mwenzako hivyo, na umwambie ni mzee amesema.

Boha ni kinywaji cha Wasambaa kinachotengenezwa kwa maji ya miwa, na ni cha kule milimani Lushoto. Ninyi mna Jumamosi moja tu. Kupanda milima hiyo kwa ajili ya kata moja na kushuka tena ni kuichosha safari, na barabara ile ya kona kutoka Mombo haitaki dereva aliyeonja chochote. Liwekeeni safari yake, mkalale huko kwenye baridi, mtafaidi. Mkitamani ladha ya miwa hapa mjini, kunyweni juisi yake iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, ambayo wale wasiokunywa pombe watashiriki pia.

Kama mnapenda mazungumzo, mtafuteni mzee yeyote wa mjini Jumamosi alasiri, mnunulieni kahawa na kashata, na mmuulize habari za muziki. Mji huu katika miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu, ambako marehemu Shakila alijipatia jina. Watu walikuwa wakienda dansini wakiwa wamevaa vizuri, wanakunywa bia zao kwa utaratibu, na walisikiliza. Bado zipo sehemu ambazo ukiomba nyimbo za zamani kwa adabu unapigiwa, na utaona watu wa umri wangu wakisogeza viti.

Kijana wa Makorora

Shikamoo mzee. Nakubaliana na yote kuhusu gongo. Ila naomba nimpinge kaka Mgosi kidogo, kwa sababu uzi huu utasomwa na wengi na nisingependa Tanga ionekane kana kwamba saa 4 usiku kila mtu amelala. Vijana tupo, sehemu za muziki zipo, na Jumamosi usiku kuna watu. Mgeni anayetaka kucheza kidogo baada ya chakula atapata mahali pa kuchezea. Ni kweli tu kwamba hatuna wingi wa kumbi kama Dar es Salaam, na kwamba ukumbi unaovuma mwaka huu waweza kuwa umefungwa mwaka ujao, kwa hiyo asitegemee jina alilolisoma mtandaoni zamani. Amuulize dereva wa bajaji au mhudumu wa hoteli siku hiyo hiyo.

Mzee wa Pongwe

Marahaba mwanangu. Umesema kweli, nami sina ubishi nawe.

Mgosi wa Chumbageni

Ndugu yangu wa Makorora, nimekuelewa, na sikatai kwamba usiku upo. Ninachosema ni kwamba mgeni mwenye siku moja na nusu akiutoa mchana wake ili aufidie usiku, amechagua kile ambacho angekipata zaidi kwao, akaacha kile ambacho kwao hakipo. Lakini wapeni Jumamosi usiku wao, mimi nimeridhia.

Nirudi kwa mleta uzi kuhusu Konyagi, kwa sababu swali hilo ni la maana na watu wengi wanajidanganya hapo. Gesi haina uhusiano wowote na usalama. Cha kuangalia ni kiasi cha kilevi. Konyagi ina asilimia 35. Bia ya Safari ina asilimia 5.5 na ya Kilimanjaro asilimia 4.5. Chupa ya Safari ya mililita 500 ina takriban mililita 27.5 za kilevi halisi, na mililita 200 za Konyagi zina mililita 70, yaani zaidi ya chupa mbili na nusu za Safari ndani ya kitu kinachotoshea kwenye mfuko wa shati. Tofauti kubwa zaidi ni mwendo. Bia inachukua muda kunywewa, tumbo linajaa, unasimama, unazungumza. Konyagi iliyochanganywa na soda tamu inapita kooni kama soda, na mtu anagundua alipofika wakati hawezi tena kurudi. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, hoja mojawapo ilikuwa hiyo hiyo, kwamba kinywaji kikali katika ujazo mdogo na kwa bei ndogo kilikuwa kinawafikia hata watoto wa shule. Anayependa Konyagi aagize kwa kipimo, aweke maji mengi na barafu, na asiichanganye na mnazi wala bia siku hiyo.

Na hapa kuna desturi yetu moja ambayo naipenda lakini inaumiza wasioizoea, nayo ni ofa. Mkikaa baa na mkazungumza vizuri na meza ya jirani, mtu anaweza kuwaletea bia bila kuuliza, na adabu inadai siku hiyo au siku nyingine uirudishe. Ofa tatu zikifuatana, mezani kuna chupa ambazo hakuna aliyezihitaji. Pokea kwa shukrani, na kama umetosheka mwambie mhudumu akuwekee isifunguliwe, au ombi lako liwe maji au soda. Hakuna mtu wa Tanga atakayekasirika kwa hilo ukilisema kwa upole. Huwezi kukataa kwa kusukuma chupa, hapo ndipo utakuwa umemkosea.

Chakula ni nusu ya kunywa, na kwa upande huu mji wetu hauna mpinzani. Jumamosi mkitoka shambani, piteni soko la samaki la Deep Sea, mchague changu au kibua wakiwa bado wanang'aa macho, kisha mtafute wa kuwakaangia au kuwachoma. Jioni kuna mishkaki na pweza wa barabarani. Pweza mzuri amechemshwa polepole hadi ncha ya mkono wake inakatika kwa kisu bila kuvutwa, halafu ndipo anabanikwa kidogo juu ya mkaa na kumwagiwa ndimu na pilipili. Aliyekimbizwa motoni bila kuchemshwa hutafunika kwa shida, na huyo mrudishieni mwenyewe. Kuleni kabla ya chupa ya kwanza, msisubiri ya tatu. Jumapili asubuhi supu na chapati, au maziwa mtindi, ambayo Tanga inajulikana nayo nchi nzima.

Bahari nayo niiseme. Ghuba yetu inapendeza na inaonekana tulivu, lakini maji hujaa na kupwa kwa kina kikubwa, na mahali mlipokuwa mmesimama saa moja iliyopita huenda msipafikie kwa miguu. Anayetaka kuogelea aogelee asubuhi kabla ya chochote, na aliyekwisha kunywa akae kwenye kiti atazame. Hili halina mjadala, na ninaliandika nikiwakumbuka vijana ambao mji huu umewazika.

Gari lenu liacheni Dar es Salaam, kama mlikuwa na nia ya kuja nalo. Ndani ya mji kuna bajaji hadi usiku, na mji ni tambarare, mnaweza kutembea kutoka Chumbageni hadi bustani ya Jamhuri inayotazama bandari na kisiwa cha Toten bila kutoka jasho jingi kama jua limeshuka. Ningependa sana mfanye matembezi hayo Jumamosi saa 11 jioni, mkiwa mmepumzika baada ya mnazi, mkapita na kwenye stesheni ya zamani. Reli iliyoanzia hapa mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na mji huu wote, kuanzia bandari hadi mitaa ya Ngamiani iliyopewa namba badala ya majina, ulikua kwa kuitumikia reli hiyo na mkonge. Halafu rudini Raskazone kwa bia ya machweo. Hamtachelewa.

Msafiri wa Mbezi (mleta uzi)

Mzee wa Pongwe, shikamoo, na asante kwa maneno yako. Nimeyanakili yote na kuyaweka kwenye kundi letu, na yule mwenzetu ameandika kwamba ameelewa na hatalirudia suala la gongo.

Ratiba yetu sasa imekuwa hivi. Ijumaa tunafika na kukaa Raskazone bila kwenda mbali. Jumamosi tunaondoka mapema kwenda Tongoni, tunaona magofu, kisha shambani kwa mgema saa 4 asubuhi, halafu samaki wa Deep Sea, kulala kidogo, matembezi ya jioni, bia, na wanaotaka muziki wamfuate ndugu wa Makorora. Nina ombi moja la mwisho: je, tunaweza kurudi na chupa chache za mnazi kwa ajili ya wenzetu waliobaki Dar es Salaam?

Dada wa Sahare

Ratiba nzuri, kaka. Ongezeni tu maji ya kunywa ya kutosha Jumamosi asubuhi, kwa kuwa mnazi na jua la saa 5 vikikutana kichwa huuma hata kama hujalewa.

Mgosi wa Chumbageni

Mnazi wa kurudi nao Dar es Salaam sikushauri, ndugu yangu. Uchachukaji hausimami kwa sababu umeufunga kifuniko, na hewa inayotoka inajikusanya ndani ya chupa. Ukiikaza sana inafumuka ndani ya basi, ikalowesha mizigo ya watu wasiohusika, na wengine kati yao ni watu ambao harufu hiyo juu ya nguo zao ni jambo zito. Ukiilegeza inavuja. Na hata ikifika salama baada ya saa 6 za safari juani, wenzenu watakunywa kitu kinachoelekea siki na watasema ndiyo mnazi wa Tanga. Mlioufuata mnaunywea kwenye minazi, na waliobaki wajipange waje. Mkitaka zawadi, basi likisimama Muheza nunueni machungwa, yanauzwa dirishani.

Tiketi za kurudi zikateni Jumamosi mchana mkiwa bado mna utulivu, kwa sababu magari ya Jumapili hujaa mapema. Na kuhusu mgema wa upande wa Mwambani, ninaye ninayemwamini. Nitumie ujumbe wa faragha wiki ya safari, nimwambie asiteremshe vyombo vyake vyote kabla hamjafika.